Mifuko ya Kundi B

Pale kwenye benki ya damu ya hospitali kuu walimwita Digrii Nne, na wageni waliolisikia jina hilo walimheshimu kupita kiasi, wakidhani bwana huyu amepita vyuo vikuu vinne. Ukweli ni kwamba alikuwa na stashahada moja tu ya maabara, tena ya zamani, na jina lenyewe lilitokana na friji. Damu iliyochangwa hukaa kwenye baridi ya kati ya digrii mbili na sita, lakini yeye, kwa miaka ishirini na mitatu, hakutulia mpaka kipimo kisome nne kamili. Kikisoma tano alilizunguka friji kama mama mwenye mtoto mwenye homa, akigusa mlango, akikagua mpira wake, akimuuliza kila aliyepita kama ameuacha wazi.

Kazi yake ilikuwa kutoa damu. Karatasi ya ombi ikifika kutoka wodini, yeye ndiye aliyechagua mfuko wa kundi linalofaa, akaupima na damu ya mgonjwa kuona kama zinapatana, akaandika kwenye daftari, akautoa dirishani. Kuhusu kuchagua, kanuni ilikuwa moja, imebandikwa mlangoni mwa friji kwa maandishi makubwa: unaokaribia kuisha muda ndio unaotangulia kutoka. Kanuni hiyo aliiweka mkuu wa maabara, mama mmoja mpole wa maneno na mkali wa macho, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Nyumbani walikuwa wamebaki wawili tu, ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti, kwa sababu binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji mwingine na ana watoto wawili. Mwalimu alikuwa mtu wa mzaha. Alipoambiwa na daktari kwamba uboho wake umechoka kutengeneza damu, na kwamba kuanzia hapo ataishi kwa kuongezewa ya wengine, alimgeukia mumewe akasema afadhali ameolewa na mwenye ghala. Digrii Nne alicheka palepale mbele ya daktari, kisha akaenda chooni akalia mpaka kola ya shati ikalowa.

Wakazoea. Kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumanne, mwalimu alilazwa tangu asubuhi hadi alasiri, akapata mifuko miwili, akarudi nyumbani na rangi usoni. Zile ngazi hamsini na mbili ndizo zilizompa mumewe kipimo. Wiki ya kwanza alipanda mpaka juu bila kusimama, tena akiongea. Wiki ya pili alisimama mara moja, akajifanya anatafuta ufunguo. Wiki ya tatu alisimama kila kibaraza, pale ngazi zinapogeuka, na mumewe alikuwa nyuma yake, mkono ukiwa karibu na mgongo wake bila kuugusa, maana akiguswa alikasirika.

Mwaka wa pili wa ugonjwa ndipo mifuko ilipobadilika.

Mifuko waliyoizoea ilikuwa na kifuko cha pembeni chenye maji maangavu ambayo pale maabara waliyaita akiba. Ndani yake mna chumvi, sukari na dawa za kuzilinda chembe. Damu ikishazungushwa na mashine na majimaji yake ya manjano kutolewa, akiba humiminwa juu ya chembe nyekundu zilizobaki, nazo hukaa wiki sita zikiwa bado laini. Sasa shehena ya mifuko hiyo ikakwama huko ilikokwama, ikaja ya aina ya kale isiyo na kifuko cha pembeni. Humo chembe hubaki na dawa ya kuzuia kuganda na sukari kidogo iliyomo, nzito kama asali, na muda wake ni wiki tano. Kisheria mifuko yote ilikuwa sawa. Katoni chache za ile mizuri zilikuwa zimebaki stoo, zikawa zinatumika kidogo kidogo, hivyo frijini kila mifuko mitano mmoja ulikuwa na akiba.

Mwalimu alitaka kujua tofauti, naye akamweleza mezani wakati wa chakula cha mchana. Akamwambia kwamba chembe ya damu, hata ikiwa mfukoni, inaendelea kula. Ikiishiwa chakula huota miiba, kisha hujikunja ikawa kama gololi, na gololi haipiti kwenye mishipa myembamba. Nyingine hupasuka humohumo mfukoni. Ukimpa mgonjwa, sehemu yake mwili huichuja na kuitupa kabla ya kesho yake.

Mwalimu akafikiri kidogo. "Kwa hiyo ni wanafunzi wa bweni," akasema. "Wakila vizuri wanafika mpaka mtihani. Wakinyimwa wanatoroka katikati ya muhula."

Jumanne mbili za mwanzo alipata mifuko ya kale, mara zote ikiwa na wiki nne na kitu. Mara ya kwanza alianza kusimama kwenye ngazi siku ya tano. Mara ya pili siku ya nne, na kabla ya wiki mbili kuisha alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha pili, mkoba mapajani, akimwambia jirani aliyepita kwamba anapunga upepo. Digrii Nne akachukua tone kutoka kwenye mfuko wa aina ileile, akaliweka chini ya darubini. Aliiona ile miiba. Aliziona zile gololi.

Akaenda kwa mkuu wake. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba jambo hilo limepimwa kwa maelfu ya wagonjwa, na waliopewa damu iliyokaa hawakufa zaidi ya waliopewa mpya.

"Sisemi kufa, mama," akajibu. "Nasema ngazi."

Mkuu akamwambia, bila ukali, kwamba ngazi za mtu mmoja si utafiti, na kwamba ameshaandika barua tatu kuidai ile shehena. Yote mawili yalikuwa kweli. Digrii Nne akashukuru, akarudi kwenye friji lake, na wiki hiyo ndiyo aliyoanza.

Watu wa kundi B si wengi, na pale wodini waliokuwa wakiongezewa mara kwa mara walikuwa wawili tu: mwalimu, na mwanamke mmoja kijana, fundi cherehani, ambaye figo zake zilikuwa zimeharibika na damu ikawa haimkai. Fundi alikuja Jumatatu ya wiki hizohizo, mwalimu Jumanne. Mara nyingi fundi alikuwa hajapata nguvu ya kuruhusiwa, kwa hiyo Jumanne vitanda vyao vilikuwa jirani, na wakawa marafiki. Fundi alimshonea mwalimu gauni la mikono mipana, ili sindano ipite bila kulivua.

Alichofanya Digrii Nne kilikuwa chepesi mno. Mfuko wa kundi B wenye akiba ukiingia, aliusogeza nyuma ya rafu ya chini na kuubandika karatasi yenye namba ya faili la mkewe. Wagonjwa wa kudumu waliruhusiwa kuwekewa mfuko kabla, kwa hiyo daftari halikuonyesha kosa. Fundi alipofika Jumatatu alipewa mfuko wa kale uliokaribia kuisha muda, kama kanuni inavyosema. Alipewa huohuo hata pale ule wenye akiba ulipokuwa na tarehe ya mapema zaidi, na kwa kanuni fundi ndiye aliyestahili kuupata.

Mwalimu akarudi kupanda ngazi akiongea. Akarudi darasani siku tatu kwa wiki. Mumewe alimtazama akitia alama madaftari ya watoto huku akicheka peke yake kwa majibu yao, na moyo wake ukawa mwepesi kiasi kwamba alipiga mluzi kazini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kwake. Ukitaka kujua kama dhamira ilimsuta, ilimsuta kila Jumatatu saa nne asubuhi, fundi alipopita koridoni akamsalimia kwa kuinama kidogo. Kisha Jumanne ilifika, akasahau.

Ikaenda hivyo mara saba.

Mara ya saba muuguzi wa zamu, mtu wa maneno mengi na nia njema, alikuwa anatundika mfuko juu ya kitanda cha mwalimu. Akaugeuza kwenye mwanga akasema kwa utani, "Mwalimu, una bahati na mumeo. Anakuchagulia damu kama nyanya sokoni. Tangu ije hii mifuko mipya mibaya, wewe hujawahi kukosa ile mizuri."

Fundi alikuwa amelala kitanda cha pili, shuka mpaka kidevuni, usingizini. Mwalimu alimtazama mpaka mfuko ukaisha. Alijua, kwa sababu walikuwa wamezungumza, kwamba siku hizi fundi anarudi hospitali kabla ya siku zake. Alijua kwamba cherehani imekaa wiki nzima bila kuguswa.

Jumamosi, walipokwisha kunywa chai, alisogeza vikombe pembeni kama anayetaka kutandaza kazi ya shule.

"Yule binti wa kitanda cha pili," akasema, "naye ni kundi B?"

Digrii Nne akasema ndiyo.

"Yeye anapata ipi?"

Mzee wa watu alitazama meza. Alikuwa ameandaa majibu mengi kwa ajili ya mkaguzi, kwa mkuu wake, hata kwa polisi. Huyu hakuwa amemfikiria.

"Inayobaki," akasema.

Mwalimu aliweka kiganja juu ya mdomo. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ileile aliyoitumia na watoto waliopigana: ya chini, isiyoharakisha. Akamwambia anajua kwa nini alifanya, na kwamba hakuna aliyewahi kumpenda hivyo. Akamwambia pia kwamba kila alipopanda zile ngazi katika miezi hii, alikuwa anampanda mtu mgongoni bila kujua. "Kuanzia Jumatatu damu yangu achague mtu mwingine," akasema. "Na wewe ukamwambie mkuu wako. Usipokwenda wewe nitakwenda mimi, na mimi zile ngazi zenu za maabara zitanichosha." Hata pale hakuweza kujizuia kutania. Kisha wote wawili wakalia.

Mkuu wa maabara alimsikiliza kama alivyomsikiliza mara ile ya kwanza. Akavua miwani.

"Kanuni yangu haikufikiria kwamba kutakuwa na mifuko ya aina mbili," akasema. "Hilo ni kosa langu. Wewe ulilifikiria, ukaliona kwa darubini, halafu ukalitumia peke yako."

Aliandika barua ya onyo, akaiweka kwenye faili lake, akamwondoa dirishani na kumpeleka chumba cha wachangiaji, kuchoma sindano na kugawa vinywaji. Siku hiyohiyo akabandika kanuni ya pili chini ya ile ya kwanza: wagonjwa wa kudumu watapata mifuko yenye akiba kwa zamu, kila mmoja na zamu yake, na orodha itakaa kwake mwenyewe.

Lakini katoni za stoo zilikuwa karibu kuisha. Kwa miezi minne iliyofuata, mifuko ya kundi B yenye akiba iliyoingia frijini ilikuwa mitatu. Miwili ilikwenda kwa fundi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amekosa zamu nyingi. Mmoja ulikwenda kwa mwalimu. Digrii Nne alijua siku ambayo kila mmoja uliingia, kwa sababu yeye ndiye aliyeutoa kwenye mkono wa mchangiaji, akaukunja mrija wake, akauandika tarehe, na kuupeleka kwenye friji ambalo hakuwa tena na ufunguo wake.

Nyumbani alipanda nyuma ya mkewe. Kituo kwenye kibaraza cha kwanza, kituo cha pili, kituo cha tatu. Baadaye akaweka stuli kwenye kila kibaraza, na majirani, kwa wema wao, hawakuuliza. Mwalimu aliacha kwenda shule. Kuna siku moja alisimama katikati ya ngazi, si kwenye kibaraza, akashika ukuta, na mumewe akamwambia kwa sauti ya kuvunjika kwamba akiruhusu, kesho anaweza kuongea na kijana aliyechukua nafasi yake dirishani, mara moja tu.

"Usiniombe hilo, mume wangu," akasema. "Naweza kukubali."

Hakuomba tena.

Alikufa siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, wodini. Ilikuwa nimonia. Daktari alisema wazi kwamba ni nimonia, na kwamba mtu mwenye uboho ule angeweza kuipata mwaka wowote, akiwa na damu ya aina yoyote. Digrii Nne alimwuliza mara tatu kwa maneno tofauti, na daktari, ambaye alikuwa mwungwana, alimjibu mara tatu. Mara ya nne alimshika tu bega. Lile swali lake halikuwa na mtu wa kulijibu hapa duniani: kama mwili usiochoka namna ile ungeshindana na kile kifua siku mbili zaidi, tano zaidi, mpaka dawa ishike.

Siku ya kumi na moja baada ya mazishi, lori lilileta shehena. Katoni sitini za mifuko yenye akiba. Mtunza stoo alikuwa likizo, na aliyeitwa kuhesabu na kutia sahihi alikuwa yeye. Alizihesabu zote. Alipomaliza alikaa juu ya katoni mojawapo, na wapagazi wakamwacha, wakidhani mzee amechoshwa na jua.

Binti yao alikuwa bado yupo, akikunja nguo za mama yake na kuzigawa. Jioni hiyo alishika lile gauni la mikono mipana, akaligeuza huku na huku, akamwuliza baba yake kama walijitahidi kila walichoweza. Lilikuwa swali la kutaka kufarijiwa tu, na baba yeyote angesema ndiyo, mwanangu. Yeye akamsimulia yote, tangu tone la darubini mpaka Jumamosi ya vikombe.

Alidhani binti ataona aibu kwa alichofanya. Binti hakugusia hilo hata kidogo.

"Kwa nini uliacha?" akauliza.

"Mama yako alisema niache."

"Mama alikuwa mgonjwa, baba. Wewe ulikuwa mzima." Aliliweka gauni kitandani polepole. "Ungemdanganya. Ungemwambia umeacha, ukaendelea. Angekuwa hapa."

Baba hakuweza kumwambia kwamba angekuwa hapo, wala kwamba asingekuwa. Binti aliondoka siku mbili baadaye. Kituoni alimbusu baba yake kwenye paji la uso, kama mtu anayemuaga mgonjwa.

Ilimchukua wiki nyingine kupiga moyo konde na kwenda kwa fundi cherehani. Alimkuta kibandani kwake, mtaa wa nyuma wa soko, akipiga pasi pindo la suruali. Alikuwa hajui lolote. Alimletea kiti, akamwambia mwalimu alikuwa kama dada mkubwa kwake, akalia kidogo. Digrii Nne alikataa kiti. Alisema akiwa amesimama, kwa maneno machache, kwa sababu alikuwa ameyarudia njia nzima.

Fundi alizima pasi. Akakaa kwenye kile kiti alichokuwa amemtolea mgeni.

"Miezi mitano ile," akasema, "mama mkwe aliniambia najidekeza. Alisema dunia nzima inaongezewa damu na kurudi kazini, ila mimi tu. Mume wangu akaanza kusema hivyohivyo. Na mimi nikawaamini. Nikawa najilazimisha kukaa kwenye mashine mpaka naona giza, nikijisema mimi ni mvivu." Alimtazama. "Kumbe ilikuwa mfuko."

"Sina uhakika kama ni mfuko tu," akasema Digrii Nne, kwa sababu hakutaka kusema zaidi ya anachojua, hata pale. "Lakini nadhani ndiyo. Na nilikuwa nadhani hivyo wakati ule."

Fundi akauliza kama mwalimu alijua. Akamwambia hakujua, na alipojua ndiye aliyekomesha. Hapo fundi aliinamisha uso kwenye mikono yake, mabega yakatikisika, na alipouinua alimwomba aende. Hakumtukana. Hakumwambia amemsamehe. Alisema tu, "Nenda, baba. Sasa hivi nenda tu."

Mkuu wa maabara alistaafu mwaka huo. Kabla ya kuondoka alimwita, akamwambia afanye kwa idhini kile alichokuwa amekipima kwa siri kwa ngazi za mkewe: ahesabu, kwa wagonjwa wote wanaoongezewa, ni siku ngapi damu ya kila aina ya mfuko inawakaa mwilini. Alihesabu kwa miaka miwili. Matokeo yake hayakuwa makubwa, na kwa baadhi ya wagonjwa hayakuonekana kabisa, naye aliyaandika hivyohivyo bila kutia chumvi. Ila kwa wale wanaoishi kwa kuongezewa, tofauti ilikuwepo, siku chache kwa kila mgonjwa. Hospitali ikakubali kuwa wao wasipewe mfuko usio na akiba uliokaa zaidi ya wiki mbili. Ni sentensi moja kwenye mwongozo, ukurasa wa nne. Hairejeshi mtu.

Fundi anaendelea kuja, siku hizi kila baada ya wiki nne. Wakikutana koridoni anamsalimia, naye anaitikia, na kila mmoja anashika njia yake. Binti hupiga simu Jumapili. Anasimulia habari za watoto, nani ameng'oka jino, nani amepita mtihani, na baba anacheka panapostahili. Habari za kazini hamwulizi, naye hazisemi.